Masista Waliogoma Kuondoka

Mashine ilisema ndiyo, sahani ikasema hapana, na Leokadia Hyera akabaki katikati kama mgeni aliyealikwa nyumba mbili kwa saa moja.

Ilikuwa mara ya tatu kurudia. Alikuwa ameazima kona ya maabara ya hospitali ya misheni, akafungua sanduku lake la kazi, akachukua chembe ya ukungu mweupe uliokwanguliwa kwenye jicho la kulia la shangazi yake. Mashine ya kusoma vinasaba ilitoa jibu kabla hajamaliza kuvua glavu. Kinga ipo. Breki ipo. Maana yake ukungu ule ulikuwa wake, alioutengeneza kwa mikono yake, na hapakuwa na la kubishania. Basi akachukua sahani aliyouoteshea ukungu uleule tangu juzi, akaidondoshea matone mawili ya Kwaheri, akasubiri ufe.

Haukufa. Ulikaa pale mweupe pepepe, umenona, na kwa jinsi ulivyotandaa hadi ukingoni ungesema umefurahia kinywaji.

"Haiwezekani," Leokadia aliiambia sahani. Akaosha vyombo, akaanza upya, na majibu yakawa yaleyale. Mtu akiwa na miaka kumi na tano ya kusomea kitu, halafu kitu hicho kimkane mchana kweupe, kwanza hushuku vyombo. Alishuku vyombo, akashuku maji, akamshuku hata yule muuguzi aliyechukua kipimo. Kujishuku mwenyewe kulikuja mwisho, na kulikuja kwa shingo upande.

Tuseme ukweli, milimani kule hakuna aliyewahi kuwa na neno baya juu ya Leokadia. Joto lilipopanda, ruhuka naye alipanda, mdudu mweusi asiyefika punje ya ulezi, anayetoboa buni na kuhamia humo na ukoo wake mzima. Ulikuwepo ukungu wa asili wa kumuua. Unamwingia mwilini, unamla kwa ndani, kisha unatokeza nje na kumfunika weupe. Lakini mvua zilizokuja na joto lile zilileta pia chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni mtini, na chulebuni nayo ni aina ya ukungu. Mkulima akipulizia dawa ya chulebuni, anaua adui na askari wake kwa pampu moja. Asipopulizia, havuni kitu. Leokadia ndiye aliyechukua jeni moja ya kinga, akaiingiza katika ukungu mwema, ukaanza kusimama katikati ya dawa bila kudhurika. Wamatengo ni watu wa kanisa. Walipoona ruhuka wamelala chini ya mibuni wamevikwa nguo nyeupe, waliupa ukungu ule jina la Sista, na mpaka leo hakuna anayeuita vingine.

Serikali haikutaka kiumbe wa kubuniwa azurure. Kwa hiyo kando ya kinga Leokadia alifunga breki, jeni ya pili iliyoshikamana na ya kwanza kiasi kwamba anayerithi moja amerithi zote mbili. Kila mwisho wa msimu wakulima walipulizia Kwaheri, maji matamu ambayo hata mtoto akiyanywa hapati neno, na breki ikionja Kwaheri inauua ukungu kwa ndani. Siku tatu tu, Masista wote kwishnei. Alilionyesha jambo hilo mbele ya mawaziri watatu. Sasa lilikuwa linamgomea mbele ya sinki la hospitali.

Mlango ulifunguliwa akaingia Daktari Mbonea, bingwa wa macho, Mpare mrefu mwenye sauti ya chini, anayewaita wagonjwa wote "mzazi wangu" hata walio wadogo kwake.

"Dada Leokadia, leo siku ya sita ya matone. Kidonda hakirudi nyuma. Kinatambaa."

"Dawa haifanyi kazi kabisa?"

"Ni kama namwekea maji. Na lile la kushoto unajua halijaona tangu zamani. Jicho ni hili moja." Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nina siku nne, nikibahatika tano. Kikitoboa kioo cha jicho, itabidi nilitoe."

Leokadia alijua kwa nini matone hayafanyi kazi. Dawa ya jicho na dawa ya chulebuni ni ndugu wa damu, zimetoka familia moja ya kemikali, na kinga aliyoitia kwenye Sista haikuwa na macho ya kutofautisha pampu ya shambani na chupa ya hospitali. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ripoti yake mwenyewe, ukurasa wa mia moja na kitu, chini ya hatari ambazo uwezekano wake ni mdogo sana.

"Ipo dawa ya akiba," Daktari Mbonea aliendelea. "Imefungiwa makao makuu, haitoki bila fomu ya Ofisi ya Viumbe Vilivyobuniwa. Wanaogopa ukungu ukiizoea na hiyo, tutabaki mikono mitupu. Fomu yenyewe ngumu swali moja: ukungu umetoka wapi. Mimi sijui. Nilidhani wewe utakuwa unajua."

"Sijui," Leokadia alisema. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na bado alilionea aibu.

*

Shangazi Osmunda alikuwa amekaa wima kitandani, bandeji jichoni, mikono magotini, kama anayesubiri kupigwa picha. Ndiye aliyemlea Leokadia tangu akiwa na miaka minne, na ndiye mkulima wa kwanza kijijini Litunguru kukubali Sista apelekwe shambani kwake wakati wengine wakiogopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenyata. Una habari mbaya au huna habari kabisa?"

"Sielewi, shangazi. Ndiyo habari yenyewe." Leokadia alivuta kiti. "Mwisho wa msimu mlipulizia Kwaheri?"

"Tulipulizia. Na mwaka juzi, na mwaka wa juzi ule mwingine. Pampu nilibeba mimi, muulize Mama Kanisia wa kikundi chetu."

"Mliipunguza makali? Mliiweka juani?"

"Leoka, mimi na Kwaheri yako tunaheshimiana. Kilichoandikwa kwenye chupa ndicho nilichofanya."

"Sasa mbona Sista yuko hai? Tena yuko kwenye jicho lako?"

Shangazi alitega sikio. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu ya saruji. Ndoo ilipofika mbali, shangazi alisema, "Kafunge mlango."

Leokadia aliufunga.

"Ukishapulizia Kwaheri," shangazi alianza, "siku ya tatu ukapita chini ya mibuni, utakuta Masista wamesinyaa wote, wamekuwa kama majivu. Lakini mmoja mmoja utamkuta bado mweupe. Yuko vilevile. Amegoma kuondoka. Mimi nikamtazama nikasema, huyu ndiye mbegu."

"Shangazi..."

"Ngoja. Jua likipiga maharage mpaka shamba zima likanyauka, halafu ukakuta shina moja limesimama, mbegu zake utazipika?"

"Hapana."

"Utazitunza. Na hilo hukuniambia wewe? Si ulikuja na ubao wako pale ofisi ya kijiji ukatusifia, ukasema akina mama wa Kimatengo ni watafiti kuliko ninyi wenye makoti meupe? Tulikupigia na vigelegele."

Leokadia alikumbuka vigelegele. Alikumbuka hata sketi aliyovaa siku ile.

"Nikawaokota wale waliogoma," shangazi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na majivuno aliyoshindwa kuyaficha. "Nikapika wali usioiva vizuri, nikaupoza, nikawaweka kwenye chungu, nikafunika kitambaa. Baada ya wiki chungu kizima cheupe. Msimu wa kwanza walikuwa wa kuhesabu. Wa pili, nusu nzima waligoma. Mwaka jana nimewapulizia Kwaheri wakainywa kama uji."

Leokadia alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kisha kikageuka kikawa machozi, na hakujua analia nini hasa. Breki ilikuwepo, ndiyo maana mashine iliiona. Lakini ilikuwa breki mbovu, imevunjika mahali fulani padogo kwa bahati tu, katika Sista mmoja kati ya mamilioni. Peke yake angepotea. Alihitajika mtu mwenye jicho la kumwona, mkono wa kumwokota na subira ya misimu mitatu. Lilikuwa kosa ambalo mkulima mvivu asingeliweza.

"Nani mwingine anao?"

"Kitu kizuri namna ile nikifiche? Nimewapa wenzangu wa kikundi. Na wao wana ndugu zao. Tunachanganya na majani, tunafukia kwenye ngolo. Maharage hayaliwi tena na funza hata mmoja."

Hapo Leokadia aliacha kufuta machozi. Ngolo ndicho kilimo cha milima ile. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Mashimo hayo hushika mvua, na ndiyo yanayoufanya mlima usiteremke mtoni. Chini ya udongo ule, kwenye majani yanayooza, kuna unyevu mwaka mzima na Kwaheri haifiki. Kama angetaka kujenga nyumba ya kumlinda Sista asiyekufa, asingebuni iliyo bora zaidi.

"Na jicho?"

"Nilikuwa nanyunyiza unga wake juu ya mibuni. Tawi likanichoma. Jambo la kawaida."

Leokadia alimweleza kila kitu, dawa ya akiba, fomu na swali lake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukiandika, watafanya nini?"

"Watafungua ngolo zote zilizofukiwa Sista. Watachoma kilichomo."

"Machi hii? Na mvua ndiyo imekolea?" Shangazi aliupapasa mkono wa Leokadia mpaka akaupata, akaushika kwa nguvu. "Mlima utashuka, Leoka. Watu watakula nini? Usiandike. Jicho hili nimelitumia miaka sitini na nane, limenitosha. Ni langu, na mimi nasema liache liende."

*

Leokadia alisimama kwenye veranda ya wodi kwa muda mrefu, fomu mkononi, akijaribu kufikiri kwa mpangilio. Mpangilio ulikataa. Kila alipoanza na jicho alimalizia mlimani, na kila alipoanza na mlima alimalizia jichoni.

Kisha ikamjia njia, na ilikuwa nzuri mno. Angeandika kwamba mfuko mmoja mbovu ulitoka kwenye maabara yake. Kosa ni lake, la peke yake. Angefukuzwa kazi, labda angeshtakiwa, lakini dawa ingetoka, shangazi angeona, na hakuna mtu ambaye angegusa ngolo. Alijisikia mwepesi. Alikwishatoa kalamu.

Ila akili ya mtafiti haijui kunyamaza hata ikiombwa. Ofisi ikisoma kwamba ni mfuko mbovu, itafanya nini? Italeta magari ya Kwaheri. Wataipulizia milima kutoka juu hadi chini, wataandika kwamba kazi imekwisha, na Sista ataendelea kukaa kwenye majani yake akinywa uji. Leokadia angekuwa amejitoa kafara, watu wangemsikitikia, na tatizo lingebaki palepale linazaa. Hata kujibebesha lawama ilikuwa anasa ambayo hakuruhusiwa. Aliirudisha kalamu mfukoni kwa hasira.

"Bado unafikiri?" Daktari Mbonea alikuwa nyuma yake.

"Daktari, nikikuambia mgonjwa mwenyewe hataki dawa, utasemaje?"

Alimtazama kwa makini. "Ningesema ni haki yake. Mpaka jana ningesema hivyo." Akaashiria wodini kwa kidevu. "Kitanda cha nane ameingia mama mmoja, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya mto. Hana mbuni, hana ngolo, hajui Sista ni nani. Alikuwa anapita barabarani wakati wa upepo, vumbi likamwingia, akajifikicha. Ana weupe uleule. Yeye ni macho yote mawili."

Leokadia aligeuka akatazama kupitia dirishani. Mama yule alikuwa mdogo kuliko yeye. Alikuwa amelala chali, na vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la shuka, vikilinyoosha, vikilikunja tena, kwa ustadi wa mtu aliyezoea nguo.

"Na hiyo ya akiba itafanya kazi?" Leokadia aliuliza. "Una hakika?"

"Sina."

"Na wakifungua ngolo wataumaliza wote?"

"Hilo unaniuliza mimi?"

Hakuna aliyekuwa na hakika ya lolote, na fomu ilitaka jibu kwa wino. Leokadia aliiweka juu ya ukuta wa veranda akaandika akiwa amesimama, asije akaketi akabadili mawazo. Aliandika kwamba ukungu umetoka kwenye ngolo za Litunguru. Kwamba umetunzwa kwa mkono, misimu mitatu, kwa kuchagua wale waliobaki hai baada ya Kwaheri. Kwamba aliyeubuni mwanzo ni yeye, na aliyewafundisha kuchagua ni yeye pia. Mwisho palikuwa na swali la vitu vinavyopaswa kuteketezwa, na nafasi ndefu ya kuorodhesha. Alianza kuandika majani, akafuta, akaandika neno moja.

Alikwenda kumwambia shangazi mwenyewe, kabla hajaipeleka. Shangazi aligeukia ukutani, na kwa siku nane zilizofuata aliitikia shikamoo tu.

*

Dawa ilifika siku ya tatu ikiwa na askari wawili. Ilifanya kazi kwa shangazi Osmunda. Kwa fundi cherehani iliokoa jicho moja, na lile jingine Daktari Mbonea alilitoa mwenyewe, kisha akachukua likizo ya siku mbili ambayo hakuieleza kwa mtu.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi alikataa kupelekwa nyumbani. Alitaka mlimani.

Wanawake walikuwa wametapakaa kwenye mteremko, wamevaa miwani mikubwa ya plastiki waliyogawiwa na Ofisi, vitambaa vimefungwa puani. Wanaume walikuwa chini wakisimamia mioto isiyotaka kuwaka kwa sababu ya unyevu, na moshi ulikuwa mzito. Mashimo yaliyofunguliwa yalikuwa yanavuja tope. Mvua ya jana ilikuwa imeshachukua kona nzima ya shamba la juu, na udongo wake ulionekana chini kabisa, mwekundu, umetua ndani ya mto.

Mama Kanisia aliacha jembe akaja kumsalimia shangazi. Walishikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani moja baada ya nyingine, hawakuacha hata ya mbuzi. Kisha akampita Leokadia, akarudi kazini.

Leokadia alimgeukia. Alitaka kueleza juu ya kitanda cha nane. Alitaka kusema kwamba hata sasa, akilala na akiamka, hajui kama alifanya sawa, na kwamba angeshukuru sana mtu yeyote amwambie. Lakini angemwambia nani? Kila mtu alikuwa na shughuli.

Shangazi alivua miwani yake myeusi, akakinga jicho kwa kiganja, akatazama.

"Unaona, shangazi?"

"Naona." Aliendelea kutazama, polepole, kutoka shamba la juu hadi mtoni. "Naona mpaka ng'ambo kule. Nilikuomba, Leoka."

"Najua."

"Basi. Yale matatu ya pembeni ni yangu. Chukua jembe."

Walipanda mpaka kwenye mashimo yake. Leokadia alivaa miwani na kitambaa, akamvalisha na shangazi, kisha akainama. Jembe halikupata pa kuzama. Ilibidi atoe mkono kwanza asogeze majani, maana kuta zote za shimo zilikuwa zimeota. Maharage yalikuwa yametoka yale majani mawili ya kwanza, mapana, ya kijani kilichokolea, na hakuna hata moja lililokuwa na tundu. Alizaliwa kwenye mteremko huu, akasoma kilimo nchi tatu, na hakuwahi kuona maharage yameota vile. Kati ya mashina, nyuzi nyeupe nyembamba zilikuwa zimetambaa juu ya udongo.

Alibaki ameinama, mkono hewani.

"Shangazi, na haya?"

Shangazi Osmunda alipiga magoti pembeni yake. Aliyatazama kwa karibu sana, kwa jicho lake moja, shina kwa shina, kama anavyotazama siku zote anapotafuta lipi litakuwa mbegu.

"Kwenye karatasi yako uliandika nini?"

"Vyote."

"Basi vyote," shangazi alisema, na akaanza kung'oa.